Aliyeshika Sauti ya Pili

Mtu aliyemsikia mpiga tarumbeta wetu kwa mara ya kwanza alidhani hajui wimbo. Pumzi yake ilikuwa ndefu na tarumbeta lake halikukwaruza, lakini alichopiga hakikuwa kile ambacho watu walikuwa nacho kichwani. Kilikwenda chini yake kidogo, kama mtu anayetembea na mwenzake kwenye njia ya matope akamwachia upande mkavu. Wacheza dansi walingoja wimbo wenyewe uje, na haukuja. Wengine walicheza hivyo hivyo. Wengine walisimama katikati ya ukumbi wakatazamana.

"Bwana Tarumbeta! Wimbo uko wapi?" alipiga kelele mchukuzi mmoja wa magunia Jumapili moja. "Au umeuacha njiani, kule Kiberege?"

Yeye aliondoa tarumbeta mdomoni, akamwaga mate yaliyokusanyika ndani, akajibu bila kukasirika, "Wimbo upo. Mwenyewe ndiye hajafika."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake na banjo yangu, na sikucheka, kwa sababu nilijua alikuwa anasema kweli.

Watu wa kwaya ya kanisani watanielewa upesi. Wimbo una sauti ya kwanza, ambayo kila mtu hurudi nayo nyumbani, na una sauti ya pili, inayokwenda pembeni yake na kuinenepesha. Mpiga tarumbeta wetu alikuwa mtu wa sauti ya pili. Kabla ya kuja Ifakara alipiga miaka mingi katika bendi ya jazz huko Morogoro, na huko walikuwa na matarumbeta mawili. La kwanza lilipigwa na rafiki yake. Kisha rafiki huyo akapata safari ya Nairobi, kwenda kuwatafuta watu wanaotengeneza santuri. Waliagana kwenye kituo cha basi. Jinsi alivyotusimulia, hayakusemwa maneno mengi. Rafiki alimwambia, "Nikipata nafasi nitakuita. Wewe shika sauti yako." Basi likaondoka.

Naye akaishika. Bendi ya Morogoro ikavunjika, akaja bondeni kutafuta kazi, akajiunga na bendi yetu ndogo, lakini sauti ya kwanza hakuigusa. "Ile ina mwenyewe," alituambia. "Nikizoea kuipiga, siku akiniita nitakwenda na nini?"

Tulikuwa wanne. Kiongozi wetu alikuwa fundi cherehani wa karibu na soko, mpiga gitaa, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri. Mpiga ngoma alikuwa kijana wa kijiji cha Mbingu. Dansi letu tulilipiga Jumapili baada ya misa, kuanzia saa nane mchana mpaka jua linapozama, maana klabu haikuwa na taa ya kutegemewa. Jukwaa lenyewe lilikuwa mbao zilizowekwa juu ya matofali. Sisi watatu tulibanana upande mmoja, viwiko vikigongana, kwa sababu mpiga tarumbeta alisimama kushoto na kuacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwake. Siku moja mpiga ngoma aliweka ngoma yake hapo. Mpiga tarumbeta aliinyanyua kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala, akairudisha nyuma. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweka hata kofia pale.

Alikuwa na utaratibu wake. Siku ya dansi hakula mahindi ya kuchoma wala karanga, akisema zinakausha mdomo. Asubuhi nzima hakuongea na mtu. Ukimwamkia "Shikamoo" alikupungia mkono tu, na watu wasiomjua walimwona ana dharau. Tarumbeta alilifunga katika kanga kuukuu ambayo hatukuthubutu kuuliza ilitoka kwa nani. Vidude vile vya kubonyeza alivitia mafuta ya cherehani aliyopewa na fundi, tone moja moja, akiinamisha kichwa kama daktari. Suruali yake nyeupe aliilaza chini ya godoro tangu Ijumaa.

Siku za kazi alikuwa kiwandani kwenye mashine ya mpunga, akishona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa. Alikaa juu ya gunia lililojaa, mgongo kwa wenzake, na uzi umeviringishwa shingoni. Lori lilipoingia kutoka Kidatu aliacha shazia imening'inia kwenye gunia, akaenda hadi mlangoni kwa dereva.

"Habari za njia? Hakuna aliyeniulizia huko?"

"Nani akuulizie wewe, Bwana Tarumbeta? Labda wadai."

"Ahsante," alisema, kama vile amejibiwa vizuri, akarudi kwenye gunia lake.

Madereva walimzoea. Mmoja alikuwa akimjibu kabla hajashuka, "Bado, kaka, bado!" Nao wachukuzi wakaufanya huo kuwa mchezo wao: mtu akiulizwa kama uji umeiva, anajibu, "Bado, kaka, bado." Alisikia yote. Sikuwahi kumwona akiwakasirikia.

Nilimjua vizuri zaidi kwa kukaa naye, maana sote wawili si watu wa kusemasema. Baada ya kazi nilimkuta ameegemea ukuta wa nyuma wa kiwanda, upande ambako wanawake hutwanga mpunga wa nyumbani. Wanawake watatu, kinu kimoja, michi mitatu. Mmoja anashusha, mwingine yuko katikati, wa tatu anainua, na michi haigongani hata wanaposengenya watu.

"Unawasikia?" aliniuliza. "Hakuna anayehesabu. Kila mmoja anaisikia nafasi ya mwenzake."

"Wewe Bwana Tarumbeta unatutazama nini?" mama mmoja alimtania. "Kama unataka kuoa, sema. Mchi wa nne upo."

"Nitawaharibia," alijibu. "Ninyi mmeshatimia."

Hapo ndipo alipokuwa akinisimulia wapigaji aliowaheshimu. Nilitegemea majina makubwa, watu wa kwenye santuri za Kongo na za ng'ambo. Alikuwa nayo, lakini hakuanza na hayo. Alianza na mpiga kinanda wa kanisa letu, mzee mkimya, ambaye alisema ndiye mtu pekee Ifakara anayejua kumngoja mwimbaji avute pumzi. Kwa ajili ya mzee huyo alikwenda misa kila Jumapili, ila alikaa nje chini ya dirisha, kwa sababu ndani, alisema, watu wanakohoa. Padri alimwona hapo akadhani anaona haya kwa ajili ya dansi. Alimsifu pia mwenye mtumbwi wa kwenye kivuko, aliyeimba ili wapiga kasia wavute pamoja, akawa anaishusha sauti yake kila walipochoka ili wasione aibu. Alimsifu mpiga ngoma mmoja wa Kilosa ambaye alikuwa anapiga kidogo sana hata unasahau yupo, lakini akitoka kwenda haja ndogo, wachezaji wote wanajikwaa.

Sifa yake kubwa kwa mtu ilikuwa neno moja: "Huyo anasikia." Na tusi lake lilikuwa, "Huyo anapiga tu." Mpiga ngoma wetu aliambiwa hilo la pili mara nyingi, mbele za watu, na hakustahili siku zote. Maana huyu huyu aliyefundisha kusikiliza, mpiga ngoma alipomweleza kwamba mama yake anaumwa ndiyo maana hakufika mazoezini, alimkatiza na kumwambia, "Ngoma haina mama." Na huyu aliyesema muziki ni kukaa na watu, alikula peke yake chumbani kwake, mlango umefungwa. Nilibisha hodi mara moja nikamletea samaki kutoka kwa mjomba wangu. Alimpokea samaki, akashukuru sana, akafunga mlango.

Mimi alinisumbua kwa jambo moja. Alitaka niimbe. Nilimwambia sauti ninayo, lakini mbele za watu haitoki.

"Nani amekwambia lazima iwe mbele za watu?" alisema, na hakunisumbua tena.

Lakini aliyemheshimu kuliko wote ni rafiki yake, na juu yake alikuwa na hadithi moja ambayo aliirudia bila kuchoka. Walikuwa na wimbo wao wa kufungia dansi. Rafiki anaanza peke yake, kisha mahali fulani sauti ya pili inaingia. Siku hiyo rafiki alipiga vizuri kupita siku zote, na mpiga tarumbeta wetu, aliyekuwa amesimama karibu naye na tarumbeta limeshafika mdomoni, akasahau kuingia.

"Sikuwa nimelewa," alisema. "Sikuwa nimelala. Nilikuwa namsikiliza. Niliposhtuka nimeshachelewa, nikaingia mbio, nikazibana noti zangu zote zipite kama mbuzi mlangoni. Nikajua leo natukanwa. Akageuka, bado anapiga, jicho moja linanitazama. Wimbo ulipokwisha akaniambia, 'Hapo hapo. Uache hivyo hivyo.'"

Wakauacha hivyo hivyo. Kila dansi, miaka yote, alichelewa pale pale na kuingia mbio, na wacheza dansi wakapazoea wakawa wanaruka mahali hapo. Huo nao tulikuwa tukiupiga Ifakara. Kwa kuwa sauti ya kwanza haikuwepo, sisi tulipiga vyombo vyetu, yeye akasimama kimya muda mrefu, tarumbeta mdomoni, akiisikiliza nafasi ile ya kulia. Kisha akachelewa, akaingia mbio. Watu hawakuelewa kabisa.

Msimu wa mpunga ndio uliokuwa mgumu kwake. Huku kwetu maji yakipanda na mpunga ukianza kukua, watu huhama. Familia nzima huenda mashambani, hukaa juu ya madungu, vile vibanda vya miti mirefu, wakilinda mpunga mpaka mavuno. Ifakara hubaki na wenye maduka, mapadri na mbwa. Bendi nayo hulala. Fundi alikwenda kwake, mpiga ngoma Mbingu, mimi upande wa Idete kwa wazazi. Yeye hakuwa na shamba. Barabara ikikatika hata malori hayaji, kwa hiyo hakuwa na dereva wa kumuuliza. Msimu mmoja nilirudi mjini kufuata chumvi, nikapita klabuni. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa jukwaani, kushoto, katika suruali nyeupe, anapiga sauti yake kwa viti vitupu. Niliogopa kumwamkia. Nilisimama nje mpaka wimbo ukaisha, nikaondoka na chumvi yangu.

Kisha mwenye hoteli ya sokoni akanunua gramafoni. Watu wakaona ni bora kunywa chai na kusikia wimbo mzima kuliko kuja kwetu kusikia nusu. Jumapili watu wakawa wachache. Wenye klabu wakamwita fundi wakamwambia: tarumbeta lipige wimbo, ama bendi itafute mahali pengine. Fundi alikuja kwa mpiga tarumbeta na mimi nikiwepo.

"Kaka, nakuomba. Wimbo mmoja tu. Upige kama watu wanavyoujua."

"Fundi, mtu akikuletea kitambaa chake umshonee, akachelewa kuja kuchukua nguo, utaivaa wewe?"

"Akichelewa miaka? Nitaivaa, na Pasaka nitakwenda nayo kanisani!"

Mpiga tarumbeta alicheka kweli siku hiyo, mpaka akajifuta macho. Lakini jibu lake halikubadilika. Alisema, "Ningoje kidogo. Mvua hazijaanza. Malori bado yanakuja."

Kilichokuja na lori ni santuri. Mwenye hoteli alikuwa ameagiza sanduku lake kutoka Dar es Salaam. Mchana mmoja mpiga ngoma alikuja kiwandani akikimbia, akasema hotelini kuna santuri mpya yenye matarumbeta mawili, na ule wimbo wetu wa kufungia umo. Mpiga tarumbeta alishuka juu ya gunia akaja kama alivyo, shazia mkononi, uzi shingoni, vumbi la pumba kwenye nywele. Fundi akaacha cherehani yake akatufuata.

Mwenye hoteli akazungusha mkono wa gramafoni, akashusha sindano. Tarumbeta likaanza peke yake.

"Ni yeye," alisema mpiga tarumbeta.

Sikuwa nimewahi kuusikia wimbo ule mzima. Nilikuwa nimeupiga kwa banjo mara nyingi kama mtu anayeijua nyumba kwa jikoni tu. Sasa nikaelewa kwa nini mtu anaweza kusahau kuingia. Mpiga tarumbeta alikuwa anatabasamu, na vidole vyake vitatu vilikuwa vinabonyeza hewani kando ya paja lake. Tukafika mahali pake. Vidole vikasimama. Nikamwona anangoja. Nami nikangoja, kwa sababu nilitumaini pale pangekuwa kimya. Nilitaka rafiki yake awe amemwachia nafasi wazi.

Sauti ya pili ikaingia. Ilichelewa pale pale, ikaja mbio, noti zimebanana.

"Rudia," alisema santuri ilipokwisha.

"Chai hunywi, unataka mara mbili?" alisema mwenye hoteli.

"Mletee chai, mimi nipo," fundi akamwambia. "Rudia."

Alisikiliza tena, safari hii amefumba macho, na vidole havikucheza. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu kazi ya mwenzake, "Amemfundisha huyo mwingine hata kuchelewa."

Fundi, ambaye hawezi kuona mtu amenyong'onyea akanyamaza, alimshika bega. "Basi kaka, unaona? Hakukusahau."

"Hakunisahau," alisema mpiga tarumbeta. "Wala hakuniita."

Aliichomeka shazia kwenye ukosi wa shati lake, akarudi kiwandani. Chai ilibaki mezani, na mpiga ngoma, baada ya kutuangalia sote, akainywa.

Wiki ile lori jingine liliingia kutoka Kidatu. Mimi nilikuwepo. Dereva alishuka, akatazama huku na huku, akaita mwenyewe, "Bado, kaka!" Mpiga tarumbeta aliendelea kushona. Dereva akatuuliza kwa sauti ya chini kama jamaa anaumwa.

Jumapili alikuja klabuni akaniuliza mimi, si fundi, "Leo nisimame wapi?" Akasimama katikati. Akapiga sauti ya kwanza, wimbo baada ya wimbo, kama watu wanavyoujua, na kumbe alikuwa anazijua zote, kila noti. Ukumbi ukalipuka. Mchukuzi yule wa magunia alicheza mpaka viatu vikamtoka, akapiga kelele, "Mwenyewe amefika!" Fundi alikuwa karibu kulia kwa furaha. Watu wa hotelini waliacha chai zao wakaja kujaza milango.

Baadaye nilimsaidia kufunga tarumbeta katika ile kanga. Akasema, "Kule juu ni kuzuri. Lakini ukitazama chini, hakuna mtu."

Hakupiga tena klabuni. Mvua zilipokaribia aliacha kazi ya magunia, na watu walisema ameomba shamba. Wachukuzi walicheka sana, maana hakuwahi kushika jembe. Mama yule wa kutwanga mpunga ndiye pekee ambaye hakucheka. "Mwacheni," alisema. "Angalau msimu huu hatabaki na mbwa."

Nilimwona tena msimu huo huo, mpunga ulipoanza kubeba masuke. Nilikuwa nakwenda kwenye dungu la baba yangu upande wa Idete, asubuhi, njia yote ni maji ya kufika kifundoni. Ndege walikuwa wengi mwaka ule, wale wadogo wanaoshuka kama wingu. Kila shamba lilikuwa na mtu anapiga debe au anavuta kamba yenye makopo. Kisha nikasikia tarumbeta.

Alikuwa juu ya dungu fupi lililopinda, suruali imekunjwa hadi magotini, anawaamia na kuwafukuza ndege kwa ule wimbo wa kufungia. Sauti ya kwanza. Ndege waliinuka wote pamoja, wakageuka, wakaenda kwa jirani. Jirani akatukana kutoka mbali. Yeye hakusikia, alikuwa ameelekea upande wa milima. Nilisimama njiani chini yake, katikati ya mpunga, nikiwa na furushi la unga kichwani, na nikasikiliza. Alipiga vizuri kuliko alivyopiga klabuni. Alipiga kama yule wa kwenye santuri.

Nilikuwa nimeamua, alipoanza tu, kwamba tukifika mahali pale nitaimba. Hapakuwa na watu. Lakini nilikuwa namsikiliza, na niliposhtuka mahali penyewe pameshapita. Nikaingia mbio, bila maneno, na sauti mbovu ya mtu asiyeimba, nikazibana noti zote zipite.

Tarumbeta halikusimama. Aligeuka tu, bado anapiga, akanitazama kwa jicho moja. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, yeye juu na mimi chini.

Alipomaliza aliketi kwenye ukingo wa dungu, miguu ikining'inia, akamwaga mate ya tarumbeta kwenye maji. Nilimwamkia. Aliitikia kwa mdomo, "Marahaba." Nilidhani atasema neno juu ya sauti yangu, au juu ya Morogoro. Alifuta mdomo wa tarumbeta kwa shati lake.

"Hapo hapo," alisema. "Uache hivyo hivyo."

Ndege walikuwa wamesharudi kwenye mpunga wake. Nilimwambia baba ananingoja, akasema nenda, mpunga haungoji. Nikaenda. Nilikuwa nimefika mbali, dungu lake halionekani tena, tarumbeta lilipoanza upya, jembamba juu ya maji. Nilisimama nikasikiliza. Mahali petu palipofika nilichelewa, nikaingia mbio, nikaimba mpaka mwisho, ingawa nilijua hanisikii.